Aliyelazwa Ubavu wa Kulia

Nyarugusu, Geita
3 Februari 1985

Mdogo wangu Nyamizi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo umechoka na vumbi linanibana kifua. Na wewe, baridi ya Uingereza inakuachia?

Uliposema unasomea shahada ya pili ya mifupa ya watu waliouawa, niliona wazimu. Sasa nina kazi yako. Nimefukua duara la zamani la tajiri wangu Athanas, shimo lile la dhahabu alilochimba baba kabla hajapotea. Chini kabisa kuna mtu, mkononi ana bangili ya baba. Kumbe hakutoroka na dhahabu kama alivyokuja kutuambia baba mdogo Jilala. Miaka yote tunaitwa watoto wa mwizi, na Athanas ananifanyisha kazi juu ya kaburi lake. Fuvu lina ufa kisogoni. Nimemfunika, sijamwambia mtu. Sururu nimeinoa.

Kaka yako,
Ngassa

20 Machi 1985

Kaka Ngassa,

Shikamoo. Mimi sijambo, baridi nimeizoea.

Nililia, kisha nikaacha, maana kilio hakimfungi mtu. Nami nataka aliyefanya hivi alipe. Lakini usimguse Athanas, wala usitoe hata mfupa mmoja. Hapa tunafundishwa kwamba mtu aliyetupwa halali kama aliyezikwa. Amelalaje? Tena tazama kingo za ule ufa. Zikiwa nyeupe, umevunja wewe kwa sururu. Zikiwa na rangi ya fuvu zima, alivunjwa zamani.

Mdogo wako,
Nyamizi

6 Mei 1985

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi hivyo hivyo, nakohoa.

Amelala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, kama tulivyomlaza babu. Chini yake kuna ngozi ya ng'ombe iliyooza. Kingo za ufa zina rangi ya fuvu. Niambie basi nimmalize Athanas, ananipita hapa kila asubuhi akipiga mluzi.

Kaka yako

19 Juni 1985

Kaka,

Shikamoo. Pole na kikohozi.

Athanas ni mtu wa Bukoba. Maziko ya kwetu angeyajulia wapi? Aliyemlaza baba hivyo ni ndugu, na ndugu aliyekuwa naye machimboni alikuwa mmoja tu. Alimzika, akapanda basi hadi kwetu Ngokolo kutuambia ametoroka, kisha akachukua ng'ombe wetu eti anatulea.

Nakuomba usubiri. Ninarudi Desemba. Nitamtoa baba kwa mikono yangu mbele ya polisi, halafu nisimame mahakamani nimtazame Jilala machoni. Nataka azeekee gerezani.

Mdogo wako

11 Agosti 1985

Nyamizi,

Salamu. Leo sikohoi sana.

Nilimwita baba mdogo, nikamwambia nimeona dhahabu kwenye duara la zamani. Amekuja amevaa suti. "Mwanangu, umekonda hivi, machimbo yanakula wewe au wewe unayala?" Nikacheka naye. Nikamshusha kwa kamba, nikamrushia sururu.

Amechimba pande zote, isipokuwa kona alipolala baba. Nikamuuliza, "Na hapo, baba mdogo?"

"Hapo mwamba mtupu."

Hapana mwamba. Ni udongo laini niliourudishia mwenyewe.

Mahakama ina milango mingi ya kutokea. Duara lina mmoja. Ninaandika nikiwa nimekaa mdomoni mwake. Ananiita nimpandishe, na kamba nimeivuta juu. Barua hii itakufikia baada ya wiki sita, kwa hiyo usijisumbue kunikataza.

Kaka yako