Mbuzi Ulioniletea Niwatunze

Makere, Kasulu

Mdogo wangu Leonidasi,

Nakusalimu wewe, wifi yangu na watoto hapo Mabamba. Mguu wangu una nafuu, maharage yamekomaa, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Ulipoleta wale mbuzi wanane ulisema huko nyasi zimekauka. Nikawapokea, maana kwetu ndugu akikuletea mifugo umtunzie, humhoji.

Kumbe wahakiki wa kaya maskini walikuwa njiani. Wifi alinipigia simu akicheka kwamba wamekuta zizi lenu tupu, wakakuandika kwenye orodha ya ruzuku ya kaya maskini. Wewe, Leonidasi, mwenye nyumba ya bati na shamba la migomba. Mimi mjane, na ruzuku ile ndiyo iliyowavalisha wajukuu zangu sare za shule. Iliniuma sana.

Juzi wakafika na huku, wakawakuta mbuzi zizini kwangu. Kwenye mkutano wa kijiji wakaniuliza ni wa nani. Ningekutaja wangekufuta, na jina la marehemu baba lingechafuka. Nikasema ni wangu. Wakanifuta mimi.

Sijakuchukia, mdogo wangu. Njoo Krismasi, nitakupikia ugali wa muhogo na dagaa kama ulivyozoea. Ila usije na kamba. Nimetamka mbele ya kijiji kizima kwamba mbuzi hawa ni wangu, na unajua dada yako si mwongo.

Ni mimi akupendaye,
Maximilla