Maharage Yaliyotoka Meza ya Mama

Oxkutzcab, Yucatán
Jumatatu, 12 Novemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Addy,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Kikohozi cha mtoto kimekwisha? Na mgongo wa shemeji Wilberth je, au bado anabeba magunia akijiona kijana? Sisi huku tu wazima. Mvua zimetuacha, na soko limejaa machungwa mpaka watu wanayakanyaga. Baba ametoka hospitalini tangu Jumanne. Analala, anaamka, anajikokota mpaka mlangoni, anarudi. Ndiyo hali yake.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unalia, na ukishalia mimi naanza kukubembeleza, nasahau nilichotaka kusema. Safari hii sikubembelezi. Nimekasirika, Addy, na hasira yenyewe inakuhusu wewe kuliko Shangazi Landy. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Unaikumbuka ile Juni, kongosho la Baba lilipovimba. Daktari alizungumza nami pale chumbani kwake na wewe ukiwa kwenye simu. Alisema mafuta basi. Ya nguruwe basi, ya kukaangia basi, hata mbegu za maboga basi, maana nazo ni mafuta matupu. Alisema likivimba tena vile, mzee huenda asitoke. Ulisikia kwa masikio yako. Ukaniambia, dada, nakuachia Baba mikononi mwako. Nami nikampokea.

Sasa hebu fikiria kazi uliyoniachia. Mtu aliyeoka nguruwe shimoni kila Jumamosi kwa miaka arobaini, akamuuza sokoni kila Jumapili asubuhi! Mtu ambaye maharage yakikosa kijiko cha mafuta ya nguruwe anauliza kama kuna msiba ndani ya nyumba. Wiki ya kwanza alinisusia. Wiki ya pili alitorokea kwa jirani kuomba tortilla za kukaanga, nikamfuata hukohuko nikamrudisha watu wanatazama. Niliona aibu, lakini nilimrudisha.

Nikaingia jikoni kuhangaika. Rojo letu la mbegu za maboga, lile la kuchovya analolipenda kufa, sikuweza kumpa. Nikachukua maharage yetu meupe, nikayachemsha mpaka yakawa laini, nikayaponda na nyanya nilizochoma juu ya bamba hadi ngozi zikawa nyeusi, nikatia kitunguu, giligilani, pilipili na maji ya danzi. Mbegu nilizikaanga kavu nikazisaga, nikawa nanyunyiza juu ncha ya kijiko cha chai, harufu tu imdanganye. Siku nyingine naponda boga la kuchoma. Siku nyingine majani ya chaya na nyanya za kijani. Kisha namkatia matango, figili, karoti na kiazi kitamu cha jikama, vyote vibichi, vipande virefu vya kushika mkononi, namwekea sahani.

Siku ya kwanza alisema hicho ni chakula cha sungura. Siku ya nne aliuliza sungura wa nyumba hii anakula saa ngapi. Kufikia Septemba anamenya jikama mwenyewe na kunigombeza nikikata vipande vinene. Majibu ya damu yakawa mazuri, daktari akaniuliza nampikia nini, nikamtajia, akaandika kwenye karatasi yake. Siku ile nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo.

Na shukrani yangu ilikuwa nini? Sokoni wanasema Elsy anamnyima baba yake chakula. Shangazi anasema kaka yake amebaki mifupa. Wewe nawe ukimwona kwenye simu unasema, maskini Baba, mashavu yamekwenda wapi, na yeye anasikia. Nilijisemea, huyu yuko mbali, ana uchungu wake.

Ikafika tarehe mosi, siku ya wakubwa wetu waliotangulia. Shangazi alikuja tangu asubuhi kupika vya kumwandalia Mama. Sikumzuia. Mama ni marehemu, mafuta hayamdhuru. Akapika maharage meusi, akayachuja, akayakaanga kwa mafuta ya nguruwe hadi yakawa mazito, vilevile alivyoyapenda Mama. Saa sita tukaviweka mezani, picha, mshumaa, maua, tukasali. Mwaka wa tatu huu tunamwandalia Mama, na bado Shangazi alishindwa kumaliza sala.

Nikatoka kuwapelekea majirani sehemu yao, kama ilivyo desturi. Sikukawia hata nusu saa. Kurudi, Baba amekaa mezani kwa Mama, bakuli la maharage liko nusu, na mkononi ameshika jikama. Jikama niliyoikata mimi, Addy, anachovya mafuta ya nguruwe.

Nilipiga ukelele, nakiri. Shangazi hakushtuka hata kidogo. Akaniambia taratibu, "Tulia, mwanangu. Mama yako ameshakula. Roho imechukua mafuta yote na utamu wote. Hayo yaliyobaki ni makapi, hayana kitu."

Sibishani na hilo. Wote tumelelewa hivyo, kwamba wakishakula wao chakula hupoa ladha, na mimi mwenyewe kila mwaka nikionja naona hivyo hivyo. Lakini ukingoni mwa bakuli mafuta yalikuwa yameganda, meupe pee. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema ni nta ya mshumaa imedondokea. Nikamwambia mshumaa uko kule mwisho wa meza. Hapo ndipo akanitolea lake la mwisho: kwamba hata hivyo Addy amekubali. Amempigia, Addy amesema apewe, na amezungumza na baba yake mwenyewe.

Wewe, uliyemsikia daktari.

Saa kumi na moja jioni Baba alikuwa amejikunja kitandani, anatapika, shati limelowa chapa. Tulimlaza nyuma ya gari la machungwa la Don Eliseo tukakimbia naye. Siku tano za maji ya mishipani, hata tone la maji ya kunywa haruhusiwi. Daktari akauliza amekula nini. Aliyesimama pale kujibu ni mimi, na aliyetazamwa kwa jicho lile ni mimi. Ningesema nini? Kwamba marehemu alisahau kumaliza mafuta yake?

Siku ya nne akaanza kuongea. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamuuliza, bila ukali, kama kweli aliamini Mama ameyachukua yale mafuta. Akataka kucheka, tumbo likamkata.

"Mama yako hakugusa kitu, Elsy," akasema. "Tangu tonge la kwanza nilijua yamo yote."

Nikamuuliza, sasa kwa nini ukala? Akageukia ukutani. Kisha akasema, "Addy aliniambia, kula Baba. Miaka kumi na moja yuko huko, hajawahi kuniomba kitu."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia kwa hasira. Miezi mitano naponda, nachoma, namenya, na kila sahani ananihoji kama polisi, hii ni nini, umetia nini, mbona haina chumvi. Wewe neno moja tu, tena kwa simu ya Shangazi, akala kitu alichojua kitamuua, na hakuuliza hata swali. Inaniuma. Nakuonea wivu pia, nimeshasema, usinifanye nirudie.

Shangazi haingii jikoni kwangu tena. Siku ya nane, ya kuwaaga marehemu, alikuja akakaa nje kwenye kiti, analia, nami sikumkaribisha ndani. Labda Krismasi nitamsamehe. Sijui.

Kinachonitia hofu sasa si yeye. Daktari amesema Baba aanze kula kidogo kidogo, vijiko vitatu vinne vya maharage meupe, boga, vitu laini. Namwekea, anatazama pembeni. Anasema hana njaa. Supu anakunywa kikombe nusu kwa siku, basi, na hapo nimemsimamia. Suruali hazimkai. Nikimsihi ananiambia nimwache, amechoka na kelele zangu. Na kweli, mimi kwake nimekuwa kelele.

Nisalimie Wilberth, umwambie apunguze kubeba. Wabusu Yamili na mdogo wake, uwaambie mama yao mkubwa anawakumbuka kila anapokata chungwa. Msalimie binamu Gaspar, ana barua yangu hajaijibu tangu mwaka juzi. Mungu awafunike huko mliko, awape kazi na afya, na siku moja atuonyeshe sura zenu hapa mlangoni.

Barua hii anakuja nayo Doña Neydi anayekwenda kumwona mwanawe. Jumatano utakuwa nayo. Ukiisoma, usinipigie mimi. Usiniombe msamaha, sina pa kuuweka kwa sasa. Mpigie yeye, saa saba ya huku, wakati wa chakula. Mwambie kama ulivyomwambia siku ile, kwa sauti ileile: kula, Baba. Bakuli langu litakuwa mbele yake.

Dada yako akupendaye, hata kwa hasira hii,

Elsy