Meno Sita Yalitosha

Yamumbi, Eldoret

Ndugu yangu mpendwa Opondo,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako mvua haituachii nafasi ya kuanika hata soksi. Wewe hujambo? Na wifi yangu Ayoo, mgongo umepoa? Sisi tupo, wa kulala analala na wa kukohoa anakohoa. Sikupiga simu kwa sababu Mzee husikiliza kila kitu. Mapafu ya baba yetu yamechoka, lakini masikio bado ni ya kijana.

Vumbi la kiwanda cha mbao na zile sigara zake vimemwachia ugonjwa ambao daktari anasema hauponi, ni wa kutunzwa tu. Ukimzidi namwinua, namshikia pampu ya dawa avute, halafu naenda kazini nikisinzia. Nimechoka, Opondo, hadi hasira yenyewe imeisha.

Safari hii daktari alimwangalia mdomoni, akakuta fizi zimevimba na zinatoka damu. Alisema wadudu wa fizi wanaweza kuteremka na pumzi hadi kifuani wakayachokoza mapafu, na kwamba fizi zikitibiwa huenda vipindi vibaya vikapungua. Hakuahidi kitu. Akatutuma kwa Brigid, anayetibu meno katika kliniki moja mjini, naye akaeleza kwa upole kuwa atatoa uchafu ulioganda chini ya fizi. Mzee alisikia “kutoa” tu, akafunga mdomo. Akasema ujanani alishikwa kichwa, wazee wakamng'oa meno sita ya chini kama ilivyokuwa desturi yetu, na sita yalitosha. Yaliyobaki atazikwa nayo. Nilibembeleza mpaka nikaishiwa maneno. Tukarudi nyumbani na fizi zake.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Jumatatu alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Alipotulia nilienda kufua nyuma ya nyumba, na hapo kwenye beseni nikamwomba Mungu amchukue baba, ili nami nilale. Niliomba kwa Kijaluo, tena kwa sauti.

Niliporudi ndani nilimkuta amevaa koti la kanisani. Akasema twende kwa Brigid. Alikaa kwenye kile kiti akafungua mdomo, machozi yakimtoka, na hakuna jino lililong'olewa. Tulipotoka ndipo akaniambia, kwa pumzi za kukatikakatika, kwamba nikitaka Mungu peke yake anisikie, niombe kimoyomoyo. Kisha akanishika mkono. Alisema hajakasirika, hata yeye amechoka, ila bado hajataka kwenda.

Bado anakohoa. Kila asubuhi anapiga mswaki nami namshikia kikombe cha kutemea, na hatuangaliani. Njoo, ndugu yangu, hata kwa wiki moja tu.

Mzee anakusalimu. Ameniona nikiandika, akaniuliza kama leo naomba kwa maandishi.

Mimi dada yako akupendaye,
Marion