Mtihani Nyuma ya Kitenge Chako

Ya Berna, dada yangu mkubwa na mwalimu mwenzangu,

Kwanza ucheke, maana najua ungecheka. Kile kitenge cha bluu tulichonunua walimu wote kuvaa kwenye matanga yako kilibaki, na sasa ni pazia. Sitii chumvi. Kinaning'inia kwenye kamba darasani, na nyuma yake watoto wanafanya mtihani wa mdomo wa kuingia shuleni kwetu.

Ndiyo, wamekubali wazo lako, lile lile walilolicheka ulipokuwa hai.

Unakumbuka ilivyokuwa. Mtoto anaingia, hata hajakaa vizuri, prefe wetu, mkuu wa shule, anauliza, "Weye iko mutoto ya nani?" Akiwa wa mfanyabiashara mkubwa, anaulizwa mji mkuu wa nchi yetu. Akiwa wa mvuvi kutoka Yanonge, anaulizwa mambo ambayo hata mimi, mwalimu wa jiografia, ningeomba ruhusa kwenda chooni. Ulikuwa ukininong'oneza, "Mutoto akishataja papa yake, examen imeisha." Ulipopendekeza tusiwaone watoto wala tusijue majina yao, prefe alikuuliza kama unataka kugeuza shule kuwa kiti cha kuungamia. Walicheka wote, na wewe ukacheka nao, halafu njiani ukakasirika mpaka nyumbani.

Mwaka huu wazazi walichoka. Walikuja akina baba wavuvi wa mtoni na akina mama wa sokoni pamoja, wakauliza mbona kila mwaka wanaopita ni watoto wa walewale. Prefe alijikuna kichwa, akaniita. "Ile mambo ya Berna, ilikuwa aje tena?" Nikamweleza yote, hata sheria yako kali: mtahini akimtambua mtoto, anaacha kiti na kutoka nje mpaka mtoto amalize.

Siku ya kwanza tuliharibu. Kitenge kilikuwa kifupi, miguu ya watoto inaonekana, na wenzetu wakaanza kusahihisha viatu. Kiatu kinang'aa, alama zinapanda. Kandambili, alama zinashuka. Nilipogundua nilicheka mpaka machozi, kisha nikalia kweli, kwa sababu niligeuka nikuambie na kando yangu alikuwa amekaa mtu mwingine. Tulifuta alama zote, tukashonea kipande kingine chini, tukaanza upya.

Siku ya pili akaingia mtoto, nikamuuliza jinsi maji ya mto yanavyotoa umeme. Akaanza, "Bon. Donc. Alors..."

Ya Berna. Hapa Kisangani nzima hakuna anayepanda ngazi tatu za Kifaransa kabla ya kujibu isipokuwa wewe na uliyemzaa. Alikuwa Clarisse wako. Nilijua atafanya mtihani, ila zamu yake sikuijua.

Hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Mutoto wangu, umuangalie," na mimi nilikuahidi. Sasa kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na wenzangu hawakuwa wamemtambua. Ningeweza kumpa nafasi pale pale, na nani angejua? Lakini sheria ni yako mwenyewe. Nilikuchukia kidogo wakati ule, unisamehe. Nikasukuma kiti, nikatoka.

Nje nilinunua mikate kwa mama anayeuza langoni, nikaisahau mkononi. Ndani nikasikia watahini wanacheka. Kicheko cha nini? Wanamcheka mtoto wa marehemu? Nilishika mlango nirudi ndani, nikauachia. Yule mama wa mikate akaniuliza kama mwanangu ndiye anafanya mtihani. Nikamjibu ndiyo.

Baadaye waliniambia. Clarisse alieleza yote sawasawa, maji yanaanguka, mashine inazunguka, waya unabeba umeme, kisha akamalizia, "Na courant inapita juu ya nyumba yetu, inaenda kwa wengine." Prefe ndiye aliyecheka kuliko wote, maana na yeye anaishi Tshopo, mtaa wenye bwawa la umeme, na kwake pia ni giza.

Amepita, Ya Berna. Wa kwanza ni mtoto wa mvuvi wa Isangi. Baba yake alimletea prefe samaki mkubwa wa shukrani, na prefe akamkatalia, ingawa macho yake yaliusindikiza mkia mpaka barabarani. Clarisse yuko katikati, kwenye kundi la watu wa kawaida, na anatamba mtaani utadhani ameshakuwa waziri.

Jioni nilimpikia lituma, ndizi zetu za kuponda. Nilitaka kumweleza kwa nini nilimwacha peke yake, nikawa natafuta maneno. Akanitangulia.

"Tantine, nilisikia kiti. Nikajua ni weye unatoka. Nikasema, bon, sasa hii iko yangu."

Nililia juu ya sahani yangu na mtoto wako akanicheka. Ningetoa vingi ili umsikie alivyolisema neno hilo.

Sasa pumzika, dada. Huku tunakukosa kila siku, lakini tunakula na tunacheka. Mwaka ujao ni zamu ya Alain wangu, na uvivu wake unaujua. Nakuahidi, nikisikia tu sauti yake nyuma ya kitenge, nitasimama na kutoka. Wewe uniombee huko uliko, maana mtoto huyu hasomi.

Mdogo wako,
Mado