Picha ya Kulwa

Jumatatu, 2 Agosti 1999
Tumeamka salama. Baba Kulwa mzima, kaenda mwaloni kwa wavuvi kununua dagaa. Doto mzima, kafua. Mjukuu wetu Neema mzima, mafua tu. Mama yake, Kulwa, hajambo kidogo. Uji kanywa nusu kikombe. Mimi mzima. Kamera nimeikalisha kwenye kitako chake cha umeme, kitaa chekundu kinawaka. Kikiwa kijani imeshiba. Mzungu aliyekuwa akifuliwa nguo na Kulwa alimwachia alipoondoka. Haina filamu. Picha unaziona humohumo kwenye kioo kidogo.

Alhamisi, 5 Agosti
Kulwa kapiga picha akiwa kitandani. Kanipiga nachambua mchicha. "Mama, cheka basi, uso kama umeitwa mahakamani." Nikacheka. Nikamwambia na wewe tukupige. Kakataa. "Ngojeni ninenepe kwanza." Mikono yake imekuwa myembamba. Naogopa. Sisemi mbele yao.

Jumapili, 8 Agosti
Misa sikwenda. Umeme umekatika tangu jana, kamera imezimika. Kulwa anakohoa sana. Doto kamwambia umeme ukirudi nakupiga, utake usitake. Kulwa kamjibu, "We pacha wangu una sura hiyohiyo, jipige mwenyewe." Wakacheka wote wawili. Akakohoa tena. Nimeomba rozari jikoni.

Jumanne, 10 Agosti
Uji kautapika. Tumempeleka hospitali. Baba Kulwa kambeba mgongoni mpaka barabarani. Mwepesi kama mtoto.

Jumatano, 11 Agosti
Kulwa amefariki alfajiri.

Jumamosi, 14 Agosti
Tumemzika jana ng'ambo ya ziwa, Kamanga, kwa kina baba yake. Kivukoni watu walisimama, wanaume wakavua kofia. Leo tumerudi mjini, umeme upo. Tukaiweka kamera kwenye kitako, tukangoja kijani. Neema hana picha ya mama yake hata moja. Nilijua zimo humo. Doto akabonyeza moja moja. Mimi na mchicha. Neema ndani ya beseni. Kuku. Mgongo wa Baba Kulwa. Doto, Doto, Doto.
Yeye hayumo. Mpigaji ni yeye.

Jumanne, 17 Agosti
Wifi yangu bado yuko hapa msibani. Kasema, "Doto si yupo? Mvalisheni gauni la mwenzake, mtoto atajuaje?" Nilitaka. Nasema kweli, nilitaka sana. Doto akavaa lile gauni la bluu, akakaa mlangoni kwenye mwanga. Wifi akapiga. Wote wakasema, huyu Kulwa kabisa. Mimi nikaangalia kile kioo. Siye. Kulwa alikuwa anainua kidevu kidogo. Nikamwambia Doto inua kidevu. Akainua. Siye. Tukarudia, tukarudia. Mwisho akalia. "Mama, nifanyeje nifanane naye?"
Nimemuumiza mtoto niliyebaki naye. Nikamwambia vua mwanangu, yatosha.

Alhamisi, 19 Agosti
Wifi hakukubali. Kamwita Neema, kamwonyesha ile picha ya gauni la bluu. "Huyu nani?" Neema kaangalia. "Mama mdogo." Kisha kauliza mama atarudi na kivuko cha saa ngapi. Wifi akaenda nje. Hajasema tena habari ya picha.

Jumapili, 22 Agosti
Wifi kaondoka asubuhi. Nimemwambia Doto picha ile isifutwe, ikichapwa karatasini iandikwe nyuma, Doto. Jina lake. Sitaki Neema aje kukosea nikiwa sipo. Ya mama yake nitamsimulia kwa mdomo, sina njia nyingine.
Jioni nimemkalisha mapajani. Nimemwambia mama yake alikuwa hapandi kitandani bila kuosha miguu, hata awe amechoka vipi. Akauliza, "Kwa nini, bibi?"
Sijui. Sikuwahi kumuuliza.