Kibao Kinatamba kwa Kosa Langu

Mshauri wangu, shikamoo na pole na kazi, nisaidie kabla Jumatatu haijafika maana nimebanwa vibaya. Mimi ni fundi wa kurekodi, nina studio ya chumba kimoja juu ya duka la rangi, kuta nimezibandika magodoro, na humo ndimo ilimorekodiwa albamu ya kwanza ya yule binti mwenye kibao cha "Kikombe Chako Kipo", bila shaka umekisikia, kila saluni kinapigwa, kila simu ikiita ni kiitikio chake.

Sasa ngoja nikuambie ambacho sijamwambia mtu zaidi ya mke wangu. Kibao hicho binti alikiimba mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya majaribio tu, asubuhi, ili nipime sauti, kavua viatu, kakaa kwenye stuli, sauti bado ina usingizi, na kwenye ubeti wa pili akacheka kidogo kwa sababu stuli ililia, halafu akaendelea. Ya pili ndiyo yenyewe, kasimama, kajipanga, saa tatu nzima, kila neno limenyooka. Mchana nikawa nasafisha kompyuta ili nipate nafasi, huku naongea na simu, huku nakula, na badala ya kufuta ya majaribio nikafuta ile yenyewe. Mshauri, nilitoka jasho hadi miguuni. Binti keshasafiri, wasambazaji wanataka nyimbo zote tisa kesho yake, basi nikatuma ya majaribio, nikazima simu.

Siku wimbo ulipotoka akanipigia, nikajua leo natukanwa, kumbe analia. "Kaka, ulijuaje kwamba ile ndiyo?" Nami mdomo ukaniponza, nikajibu, "Nilisikia tu." Basi! Tangu siku hiyo ananitaja kwenye kila redio, na watu wanasema kile kicheko ni ubunifu wangu, eti nilitaka mtu aliyeachwa acheke katikati ya kilio.

Ningevumilia roho ikinisuta, lakini sasa tunarekodi albamu ya pili, Jumatatu tunaendelea, na binti amebadilika. Kila mstari akimaliza ananitazama mimi, "Kaka, vipi?" Wiki iliyopita karudia ubeti mmoja mara kumi na tisa mpaka sauti ikamkauka, nikamwambia mbona ile mara ya kwanza ilikuwa nzuri, akasema, "Mimi sijui kusikia, kaka. Wewe ndiye unayejua." Mke wangu anasema ninyamaze, wimbo umependwa, nataka nini tena. Nikisema napoteza kazi na heshima, nikinyamaza namwona binti anavyoisha. Nifanyeje?

Fundi aliyebanwa

*

Marahaba, fundi. Nianze kwa kukiri kwamba albamu hiyo ninayo, naisikiliza nikipiga pasi, na nimeshaunguza kola mbili kwenye ubeti huohuo wa pili. Wimbo wa sita, ule wa dada anayemsubiri mdogo wake nje ya shule, ulinifanya nimpigie dada yangu tuliyenuniana naye miaka miwili. Huyo mtoto ana kipaji, asikudanganye mtu.

Sasa wewe. Kufuta kwa bahati mbaya nimekusamehe, na jasho la miguuni nimekuonea huruma. Ila "nilisikia tu"! Baba mzima! Hukusikia chochote, ulikuwa unatafuna.

Unadhani umewadanganya wasikilizaji. Sisi hatujapoteza kitu, wimbo tunao. Uliyemwibia ni binti. Ile sauti ya asubuhi, ambayo hakuna aliyeichagua wala aliyeitengeneza, ndiyo tunayoililia nchi nzima. Alifungua mdomo tu, ikatoka hivyo. Na yeye mwenyewe halijui hilo, kwa sababu wewe umelikalia. Anaamini uzuri wake uko kwenye masikio yako, halafu unashangaa anarudia mstari mara kumi na tisa?

Jumatatu, kabla hujawasha mitambo, mkalishe umwambie yote, hata ule mlo. Usimtumie ujumbe kwenye simu. Usianze kulia ili aanze kukubembeleza. Mkeo mwambie anakupenda, naliona, lakini kwenye hili kakosea. Kuhusu redio, mwache binti aamue mwenyewe kama itatangazwa au la.

Atakasirika, tena sana, maana zile saa tatu zilikuwa jasho lake. Huenda akachukua mkoba akaenda studio nyingine, nawe heshima ikashuka kweli. Mfungulie mlango. Usimfuate kwenye ngazi kumweleza zaidi. Popote atakapokwenda kuimba, akimaliza mstari hatamtazama mtu.