Herufi Kubwa za Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko? Shemeji na wapwa zangu wanaendeleaje na hiyo baridi yenu? Sisi tu wazima. Mgongo unanisumbua, lakini nikiacha kuulalamikia, wifi yako atadhani ninaumwa kweli.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu ya lile swali lako la kwenye simu, kwamba Baba amekukasirikia nini hata asijibu barua pepe zako tangu Februari. Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Najua ulichokuwa ukiwaza. Uliondoka wiki ile ile tuliyomzika Mama, na maneno mliyoachana nayo pale mlangoni hayakuwa mazuri. Kwenye simu Baba unamjua, ni "ndiyo", "haya", "nashukuru", kisha anampa mtu mwingine. Kwenye kuandikiana ndiko mlikoanza kupatana tena. Alipoacha kuandika, ukaona amekukata.

Hajakukata, dada. Unakumbuka daktari wa macho alimwambia mwaka jana kwamba macho yake yanafifia, na kwamba ipo siku maandishi yatampotea kabisa. Basi yeye, mtu aliyepanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji maisha yake yote, alikaa kwenye ile kompyuta ya mezani akajipangia mwenyewe: herufi za manjano, nene, za ukubwa wa kidole gumba, juu ya kioo cheusi. Akawa anazisoma barua zako bila shida.

Februari ile programu ya barua pepe ikajibadilisha yenyewe. Hakuna aliyeiomba. Asubuhi Baba akawasha, akakutana na weupe unaochoma macho na maandishi madogo kama chawa. Akatafuta pale alipozoea kukuzia herufi, hapakuwa na kitu. Hata hakufikiri kwamba ni kompyuta. Alijua tu kwamba ile siku aliyoambiwa na daktari imefika.

Hakumwambia mtu. Aliifunika kompyuta kwa kitambaa, akasema imemchosha. Wifi yako akamwambia, "Baba, basi nikusomee mimi barua za Wifi." Akakataa. "Barua za mwanangu si za kusomewa," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Halafu akaniagiza nimfungie ubao wa kushikilia ukutani, kutoka kitandani hadi bafuni. Nikadhani ni miguu. Nikaupiga randa vizuri, nikaufunga, na yeye akawa anatembea ameushikilia huku amefumba macho. Siku moja nilimkuta hivyo nikacheka, nikamwuliza kama anacheza kombolela. "Nazoea," akanijibu. Na mimi nikaenda zangu kazini!

Jumatano iliyopita niliiwasha kompyuta nitafute picha ya kitanda cha mteja. Ile programu hujifungua yenyewe. Wifi yako, asiyevumilia vumbi, akaanza kupangusa kibodi, kitambaa kikabonyeza kitufe cha pembeni, na safu ya maneno ikachomoza juu ya kioo. Tulipokiachia ikatoweka. Tukabonyeza tena, tukaingia. Ndani yake kuna "Mwonekano", ndani ya hiyo kuna "Zaidi", na huko chini kabisa onyo kwamba sehemu hii ni ya wataalamu. Humo ndimo walimofungia herufi za Baba, vile vile alivyoziacha.

Dada, nilitukana. Mimi nikitengeneza kabati, mpini nauweka pale mkono unapofika. Sijawahi kuuficha kwa nyuma eti ili mlango upendeze. Nikampigia fundi wa kompyuta nimwulize ni akili gani hii. Akasema vitu hivyo hufichwa ili watumiaji wasichanganyikiwe.

"Mzee wangu amechanganyikiwa mpaka akajifunza upofu," nikamwambia.

Tukamwita Baba. Herufi za manjano zilipotokea akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Hizi nazisoma," akasema polepole. "Mbona hizi nazisoma?" Akavuta kiti, akaanza na barua yako ya Februari. Tukamwachia chumba. Nilipompelekea chai alikuwa amefika kwenye ile uliyomwuliza kama anataka uache kumwandikia. Hakuwa akisoma tena. Alikuwa analia, na mimi sikumwona akilia hata siku tuliyomzika Mama.

Sasa hivi yuko mezani anakujibu kwa kidole kimoja, na hataki msaada. Ameniagiza nikuambie alikuwa na kazi nyingi. Akikuandikia hivyo mkubalie, usimwambie kwamba nimekueleza.

Nisalimie Shemeji, na wapwa zangu wote wapate busu la mjomba. Wifi yako anakusalimu sana, na wanao wa huku wanamwulizia shangazi yao.

Lakini daktari hakusema uongo, dada. Jana Baba alizikuza herufi zaidi ya zile za Februari, na bado anasogeza uso karibu. Usingoje likizo kubwa. Mungu akufungulie njia uje angali anaweza kukuona.

Mdogo wako akupendaye,
Kisiki